Mshairi wa nyota na swali la funzo

Jumamosi moja jioni, katika chumba cha ghorofa ya pili River Road, Nairobi, juu ya maduka ya vipuri vya simu, nilimsikia mwalimu wa fizikia akighani utenzi. Tulikuwa watu kama 30 kwenye viti vya plastiki. Spika ilikuwa imegoma, kwa hiyo akaghani kwa koo lake tu, huku honi za matatu zikipanda kutoka barabarani. Alipofika katikati akapunguza sauti, akatoa beti hizi mbili:

Nuru unayoiona
si ya leo, si ya jana,
ilitoka kale sana
babuyo hajazaliwa.

Huenda imeshazima
nyota iliyoituma,
nuru haijui nyuma
kuwa nyumba imefiwa.

Alipomaliza, mzee mmoja wa mstari wa mbele aliyekuwa amevua kofia na kuiweka gotini akainua mkono. "Kijana wangu," akasema, "umeghani vizuri. Mizani imetimia, vina vimekaa. Sasa tuambie, funzo lake ni lipi?" Mwalimu akatafakari kidogo, kisha akajibu kwa adabu: "Mzee wangu, funzo lake ni hiyo nyota."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, nami sikucheka, kwa sababu swali lile nimekuwa nikiulizwa tangu nilipokaa darasani kwa mara ya kwanza mbele ya shairi. Dhamira ya mshairi ni ipi? Shairi hili lina ujumbe gani? Andika ubeti wa tatu kwa lugha nathari. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, anayefungua karatasi ya tatu ya Kiswahili huwa keshazoeshwa kwamba shairi ni kifurushi, na kazi yake ni kukata kamba, kutoa mawaidha yaliyomo ndani na kutupa karatasi iliyoyafunga.

Swali lenyewe lina heshima yake, na sitaki kulidharau. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na mama anayejua mauti yake yako karibu ana haki ya kutoa funzo katika kila mshororo. Utenzi wa Al-Inkishafi unaitazama fahari ya Pate, mji wa kale wa visiwa vya Lamu, ikiwa magofu, ndipo unapousemesha moyo. Mzee wa River Road aliuliza kama mtu aliyelelewa na mashairi hayo. Ninaloshindana nalo ni ile imani kwamba hilo ndilo swali pekee ambalo shairi la Kiswahili linaweza kuulizwa. Mshairi wa sayansi na njozi akianza kazi yake Nairobi leo, swali hilo linamfikia kabla hajafungua kinywa, na nusu ya nguvu zake zinaishia katika kulijibu.

Lakini ghala la ushairi wetu lina vyumba vingi. Mwaka 1728, kule Pate, Bwana Mwengo aliandika Utendi wa Tambuka, vita vya mbali asivyoviona, wafalme asiokutana nao. Utenzi wa Rasi l'Ghuli umejaa maajabu ya kumfanya msikilizaji asahau usingizi. Kisa cha Fumo Liyongo kinatupa mtu asiyedhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Masharti kama hayo, mwili wenye kanuni zake na mlango mmoja tu wa mauti, ndiyo kazi ya mwandishi wa njozi popote alipo: anaweka kanuni, kisha analazimika kuitii hadi mwisho wa hadithi.

Chumba kingine ni cha Ahmad Sheikh Nabhany, malenga wa Lamu aliyefariki mwaka 2017. Nikiulizwa nani mshairi wa sayansi katika Kiswahili, namtaja yeye kwanza, ingawa hakuandika juu ya atomu. Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, ni utenzi unaoeleza jinsi chombo cha bahari kinavyoundwa. Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, unaeleza mnazi: unavyokua, unavyozaa, unavyotumika. Mtoto wa Nairobi anajua dafu na nazi, basi. Mtu wa Pwani anajua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, yaani hatua za ukuaji wa tunda moja, kila hatua na jina lake. Kuzipa hatua majina na kuzipanga kwa utaratibu wake ndiyo elimu ya mimea, na imekaa vizuri kabisa ndani ya mizani minane. Nabhany aliona kwamba mkuku na mataruma, uti na mbavu za chombo, ni vitu vinavyotosha kuimbwa jinsi vilivyo, na kwamba maneno ya fundi yakikosa mshairi yatazikwa pamoja na fundi. Mtu huyohuyo ndiye tunayemshukuru kwa neno runinga. Kwake kuunda istilahi na kutunga shairi vilikuwa kazi moja.

Ndiyo maana nasema mwalimu wa fizikia wa River Road hakuvunja mila yoyote. Alishika uzi ulioachwa Lamu akaupitisha kwenye kitu kingine.

Kwa upande mwingine, kuna mashairi mengi yanayojiita ya sayansi ambayo siyahesabu. La kwanza ni lile la tamasha za shule: watoto wamepanga mistari, wanapaza sauti kwa pamoja, "Sayansi, oyee sayansi, umetuletea dawa!" Hilo ni tangazo lenye vina. La pili linajidai zaidi. Ni shairi la mapenzi lililokopa elektroni: wewe kiini, mimi nakuzunguka. Elektroni haimzungukii kiini chake kama mtoto anavyomzungukia mama jikoni. Fizikia ya karne iliyopita iliiacha picha hiyo zamani. Kwa hiyo mshairi amekopa kitu asichokijua ili apambe kitu anachokijua, na vyote viwili vimeharibika. Mwalimu wetu alifanya kinyume. Alitoa neno la nyumbani, kufiwa, akaliazima kwa nyota, na nyota ikabaki nyota.

Sasa tuzipime zile beti mbili kwa mizani ya pili, mizani ya ukweli, maana anayeandika juu ya nyota lazima akubali kupimwa hivyo. "Babuyo hajazaliwa" ni kweli kwa nyota nyingi. Nuru ya nyota ya Rigel imesafiri zaidi ya miaka 800 kabla ya kutua Kayole, hapa Nairobi. Lakini si kweli kwa kila nyota. Alpha Centauri, inayong'aa vizuri katika anga yetu ya kusini, iko umbali wa miaka nuru 4 na kitu, yaani nuru husafiri miaka hiyo kutufikia. Nuru yake ya leo ilitoka wakati mtoto aliye chekechea sasa alikuwa hajazaliwa, wala si babu. Ubeti wa pili una hatari zaidi. Wengi wanapenda kusema kwamba nyota tunazoziona zimekwisha kufa. Hesabu inakataa. Karibu zote tunazoziona kwa macho matupu ziko ndani ya miaka nuru elfu chache, na nyota huishi mamilioni na mabilioni ya miaka. Ukiinua macho usiku, unaotazamana nao karibu wote wako hai.

Mwalimu alijua hilo. Ndiyo maana ubeti wake unaanza na "huenda". Nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba toleo la kwanza lilisema "Nyota ile imezima," mizani minane kamili, na lilikuwa na kishindo zaidi. Akalala nalo wiki nzima, kisha akalifuta, kwa sababu asingeweza kusimama mbele ya Kidato cha Tatu Jumatatu asubuhi na kulitetea. "Huenda" ina silabi tatu tu, lakini ndiyo inayoufanya ubeti ule kuwa wa sayansi. Fasihi yetu imejaa mashairi yenye uhakika wa kila kitu, na lile neno la shaka lilinigusa kuliko picha ya nyumba yenye msiba, ambayo nayo ni nzuri mno.

Aliandika beti hizo usiku stima ilipopotea mtaani kwao. Anga ya Nairobi kwa kawaida ni moshi na taa; ukiona nyota kumi una bahati. Usiku ule alipanda juu ya paa kuanua nguo, maana mvua ilikuwa inanukia, akakuta anga imefunguka, na katikati ya kamba mbili za nguo kikundi kidogo cha nyota kimebanana. Alikitambua: Kilimia. Bibi yake, mkulima wa Machakos, alikuwa na jina lake kwa Kikamba. Yeye alikijua kwa jina la Kiswahili kutokana na ule msemo wa wakulima na mabaharia, kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Msemo huo ni kalenda. Ni matokeo ya kutazama anga mwaka baada ya mwaka, na mtu aliyeupanga kwa ulinganifu ule alikuwa mtaalamu na mshairi kwa pumzi moja.

Nilimpa mwalimu zawadi ndogo ya hesabu, nami naitoa hapa kwa mtunzi yeyote anayeitaka. Kilimia kiko umbali wa takribani miaka nuru 440. Nuru yake inayoingia jichoni mwako usiku huu ilianza safari karibu na siku zile Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, mwaka 1593. Jiwe na nuru vilianza pamoja. Jiwe limebaki palepale likipigwa na chumvi, na nuru ndiyo kwanza inafika. Sihitaji mtu aniambie hilo lina funzo gani.

Nije kwenye njozi, maana huko ndiko mwalimu huyu ana nguvu zaidi, na ndiko wasomaji wetu wanakokosea zaidi. Tumezoea kuisoma njozi kama pazia. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, na kila mwanafunzi anajua haraka kuteremsha anga ile chini na kusema: hii ni kuhusu utawala dhalimu. Ni kweli. Lakini mazoea hayo yametufanya tuone kila jini kuwa mwanasiasa na kila safari ya mbinguni kuwa hotuba iliyojificha.

Shairi lake la pili jioni ile halikuwa pazia la chochote. Linahusu mtepe unaosafiri baina ya nyota. Mtepe, kwa asiyeujua, ulikuwa chombo cha Pwani yetu ya kaskazini kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja wa chuma, tanga lake la mkeka. Mabaharia wa kale wa Bahari ya Hindi walikuwa na hadithi ya mlima wa sumaku uliomo baharini: chombo chenye misumari kikiukaribia, misumari inachomoka yenyewe na mbao zinaachana. Mwalimu ameuondoa mlima ule baharini akaupeleka angani, kwa sababu angani upo kweli. Kuna nyota zilizokufa zikajikunja hadi zikabaki na kipenyo cha kilomita 20 hivi, nusu ya njia ya kutoka mjini hadi Thika, huku zikiwa nzito kuliko jua. Baadhi yake zina sumaku ya nguvu isiyo na mfano popote pengine tunapopajua. Basi akaghani:

Jabali lavuta chuma, misumari yachomoka,
vyombo vyote vyayoyoma, mbao zinatawanyika,
mtepe wabaki wima, kwa kamba umeshoneka,
tanga twekeni mapema, nyota hii twaivuka.

Chumba kizima kikaitikia mshororo wa mwisho, hata yule muuza vipuri aliyekuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi.

Hapa pia nina la kumkosoa. Kwa nyota ya namna hiyo kamba haikuokoi ukisogea mno. Ndani ya kilomita 1,000 nguvu ile huzivuruga atomu zenyewe, za chuma, za kamba na za nahodha. Nilimwambia. Akafungua daftari akanionyesha ubeti wa tisa, ambamo nahodha anatupa bildi kupima umbali na kuamuru demani, kamba ya tanga, ikazwe wasisogee zaidi. Alikuwa keshalifikiria. Bildi haipimi utupu wa angani, ni kweli, lakini hiyo ndiyo kanuni aliyoiweka na ameitii, kama mtunzi wa Liyongo alivyoitii sindano yake. Njozi ya aina hii haidai uamini, inadai ufuate. Na ili uweze kufuata, lazima mtunzi awe amejua mahali ambapo ukweli unaishia na ambapo ameanza kubuni. Nimesoma tungo nyingi za vijana wa jiji hili zenye majoka na vyombo vya angani ambamo mpaka huo haupo, kila kitu kinawezekana, na kwa sababu hiyo hakuna linalotisha.

Watu hudhani kikwazo kikubwa ni msamiati. Shule zetu za Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana anayejua mimea inavyojitengenezea chakula hajui kwamba tendo hilo lina jina la Kiswahili, usanisinuru, na akilisikia hulicheka. Hilo ni tatizo la kweli, lakini mshairi ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kulilalamikia, kwa sababu ana zana ambazo mwandishi wa vitabu vya kiada hana. Ana inkisari ya kulifupisha neno, ana mazida ya kulirefusha, ana ruhusa ya kuliazima la kale. Shimo jeusi, kani, sumaku, miale: maneno haya yanaingia kwenye mizani bila kusukumwa. Lile gumu zaidi hukaa mwisho wa kipande likawa kina, na mtu akishalisikia likiitikiwa mara tano na ukumbi, halichekeshi tena.

Wapo wanaosema sayansi ingefaa shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani, na kwamba tangu Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 hakuna sababu ya kujifunga. Sina ugomvi na shairi huru. Naona tu kwamba mtu anayeimba juu ya ulimwengu unaotii kanuni hapotezi chochote kwa kutunga ndani ya kanuni, na kwamba utenzi hukaa kichwani. Nimekwisha kuzikariri zile beti mbili bila kujaribu.

Kinachonikera hasa ni walinda milango. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka diwani ya rafiki yangu, mashairi ya mawimbi ya bahari na mwezi unavyoyavuta, kwa mhariri mmoja wa hapa jijini. Aliyarudisha baada ya miezi minne na sentensi moja: mazuri, lakini hayatahiniki. Nimelitazama neno hilo mara nyingi. Hayatahiniki maana yake hayana funzo linaloweza kupewa alama mbili. Rafiki yangu hajapeleka kitu kingine popote tangu siku ile, na yale mashairi yako ndani ya bahasha ya kaki nyumbani kwangu, na nadhani ni hasara kwetu sote.

Nirudi River Road. Tulipokuwa tunashuka ngazi, mzee wa kofia alikuwa mbele yangu akishikilia ukuta, maana taa ya ngazini ilikuwa imeungua. Alisimama katikati ya ngazi, akageuka, akamwita mwalimu aliyekuwa nyuma yetu. "Mwalimu," akasema, na sasa hakusema kijana wangu, "hiyo nyota yako ni kama Liyongo kisimani." Kwa asiyekumbuka kisa: Liyongo alipochomwa sindano alikwenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo akiwa ameulenga mji. Siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. "Amekufa, lakini bado wanamwona amelenga," mzee akasema. "Si ndivyo?" Mwalimu alishindwa kujibu kwa muda. Kisha akasema, "Ndivyo hasa, mzee. Shikamoo." Sijui kwa nini aliamkia wakati huo, baada ya saa mbili za kukaa pamoja, lakini naona ilikuwa mahali pake.

Tuliachana na mzee, tukatembea pamoja hadi steji ya magari ya Kayole, na njiani akaniambia anachokitunga sasa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, chombo kidogo kilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, upande wa Malindi. Kilikuwa cha Wamarekani, na kwa heshima ya siku na wenyeji wake kikaitwa Uhuru. Kilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi moja tu, kutazama anga kwa eksirei, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Kiliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kilichokiona katika kimoja cha vyanzo hivyo, Cygnus X-1, kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowashawishi wanasayansi kwamba shimo jeusi, ambalo hata nuru haitoki ndani yake, ni kitu kilichopo. Kila mwanafalaki duniani anayesoma historia ya kazi yake hulitamka neno letu. Mimi sijawahi kukutana na hata utenzi mmoja juu yake, na mwalimu hajakutana nao pia, ndiyo sababu ameuanza. Ana beti 41.

Amekwama kwenye ubeti wa 42. Anataka mshororo useme "miale ya eksirei". Tulisimama chini ya taa ya steji, konda akipiga bodi ya gari na kutuita, kila mmoja akihesabu kwa vidole. Yeye alipata mizani minane. Mimi nilipata tisa, kwa sababu ile "k" naisikia ikisimama peke yake. Akarudia tena polepole, akikunja kidole kwa kila silabi, akapata minane. Nikarudia nami, nikapata tisa, na gari likajaa tukiwa bado hapo.